Kirusi Nilichokificha Matrah

Bismillahi. Watu wazima wetu, na nyinyi dada zangu mlioshuka melini juzi, mizigo bado haijafunguliwa, karibuni Matrah. Mwenye nyumba kaniomba niseme nanyi kidogo. Nyote kule Unguja mlikuwa na kazi zenu, huyu mwalimu, huyu mkunga, na leo mnazunguka ndani ya nyumba za jamaa, mikono hamjui muiweke wapi. Mimi kuzunguka huko nnakujua. Nimekuzunguka miaka. Sitomtaja mtu kwa jina, maana wengine wamo humu humu na wengine wameshatangulia mbele ya haki.

Mimi nilikuwa mwandishi wa watoto. Tena kwa Kirusi. Chekeni, nami nilicheka.

Nilitoka Unguja msichana, nikapelekwa Moscow kusomea ualimu wa watoto wadogo. Wakati wa mazoezi nikawekwa kwenye chekechea. Watoto wale wakaniuliza, "Kwenu kuna mbwa mwitu?" Nikasema hakuna. "Sasa kuna nini?" Nikasema kuna punda. Basi nikawahadithia punda mweupe wa Unguja aliyefika mji wa theluji akakataa kutoka nje, maana alidhani akisimama juu ya weupe ule atapotea, hata mwenyewe asijione. Wakacheka, wakataka tena. Mkuu wa chekechea, bibi mmoja mkali, akaniambia, "Kaa uandike." Nikaandika. Jarida la watoto likaichapa, baadaye ikawa kitabu chembamba chenye picha, kisha nikatoa na cha pili. Nikipita duka la vitabu nikamwona mtoto kakishika changu, ndugu zangu, nawaambieni, nilijihisi mrefu kama mnara.

Mwaka sitini na nne ukaingia. Yaliyotokea kwetu mnayajua kuliko mimi, nyinyi mlikuwepo. Mimi niliyasikia redioni, katikati ya darasa. Miezi nikakaa sijui nani yu hai. Mwishowe mwanafunzi mmoja aliyepitia Kairo akaniletea khabari: baba kafariki, mama na kaka yangu wamevuka, wako Maskati. Nilipomaliza masomo nikawafuata. Nikapitia Kuwait, nikaingia hapa Matrah, bandari ya jirani na Maskati, mwaka sitini na sita.

Kaka alinipokea bandarini. Alikuwa karani kwa mfanyabiashara mmoja hapa sokoni, kakonda, macho yake yanatazama nyuma kila hatua. Salamu zangu hata sijamaliza, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Umechukua chochote cha Warusi?"

"Vitabu vyangu nimeviacha kwa rafiki yangu."

"Vizuri. Na mdomo wako uuache huko huko. Hapa mtu akitajwa tu kuwa katoka nchi zile, hulala ndani. Nna mama mgonjwa na mtoto. Unanifahamu?"

Nikamwambia nimefahamu. Na alikuwa na haki, wakati ule watu waliogopa hata redio.

Lakini fikirini. Mtu anakwambia ufiche lugha. Mkufu utaufukia chini, lugha utaifukia wapi? Nilikuwa nikiosha vyombo, maneno ya Kirusi yananijia mdomoni, nayauma. Nikajaribu kuandika kwa Kiswahili, ikatoka kama uji uliokosa sukari. Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji. Nikaanza kutotulia. Napanda darini, nashuka. Nahamisha mtungi, naurudisha. Mama akisema, "Mwanangu, utatoboa sakafu." Usingizi ukapotea, chakula kikawa hakinipiti. Ikafika siku nikatoka na buibui langu nikatembea mpaka nje ya mji, kwenye jua lile, sijui naenda wapi, mpaka jirani yetu mmoja, mwanamke wa Kibaluchi, akanikuta akanirudisha kwa mkono kama kipofu. Yeye hakuniuliza kitu. Alinipa maji tu. Nilikuwa nimefika pabaya, dada zangu, na nnasema haya ili mwenye hali hii asidhani yuko peke yake.

Sasa sikilizeni. Binti wa kaka yangu, mamake hakuwahi kuvuka naye, akashikwa na maradhi ya macho. Daktari akayafunga kwa kitambaa, akasema alale atulie, asiyasugue hata kidogo, ama yataharibika. Na nani wa kukaa naye? Mimi. Asiyeweza kukaa amewekwa amkalishe asiyetaka kukaa.

"Shangazi, kaa," akaniambia.

"Nimekaa."

"Hukukaa. Nnazisikia bangili zako. Zilikuwa dirishani, sasa ziko mlangoni."

Nikakaa. Akapeleka mkono kwenye kitambaa, nikaushika. Akaanza kulia kuwa macho yanamwasha. Sikuwa na la kumpa ila lile moja. Nikamhadithia punda na theluji.

"Theluji nini?"

"Kama mvua iliyoganda. Nyeupe, laini, inaanguka kutoka juu."

"Uwongo! Hapa hata mvua yenyewe haianguki, seuze hiyo."

Hapo nikaona kosa la uji wangu liko wapi. Miaka miwili nilikuwa nikichukua maneno ya kule nayavika kanga, na yanatembea kama mtu aliyeazima viatu. Nikaitupa theluji.

"Basi," nikasema, "punda huyu hakufika huko. Kafika Matrah."

Akageuza kichwa. "Kafika na nani?"

"Peke yake. Na kila anayekutana naye, punda anamuuliza, mvua ya kwenu inanyesha saa ngapi? Nao wanamjibu, mwakani, inshallah."

Mtoto akacheka mpaka nikaogopa kitambaa kitafunguka. Mkono wake haukurudi machoni tena mchana ule. Na mimi, nilipotanabahi, jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa chumba, na sijanyanyuka.

Kesho yake jirani yule akaja na watoto wake, kisha wa nyumba ya pili. Nikachanganya Kiswahili na Kiarabu, nikikosea jirani akinisahihisha. Kaka hakujua. Mpaka alasiri moja akarudi mapema, akakuta viatu vidogo vimejaa mlangoni.

"Mkusanyiko wa nini huu?" akasema. "Unataka tufungwe?"

Akasimama pale, anangoja nimalize sentensi awatoe wote. Nilikuwa nimefika mahali punda kakataa kupita lango la mji mpaka akunwe nyuma ya sikio la kushoto, kama alivyozoeshwa na bwana wake Unguja.

"Si la kushoto," kaka akasema.

Tukamtazama.

"La kulia. Baba alikuwa akimkuna la kulia." Tangu nifike, jina la baba lilikuwa halijatoka mdomoni mwake. Akakaa kizingitini, vile vile alivyo. "Na huyo punda hakuwa mgeni hapa. Baba alimnunua kwa sababu ni mbegu ya punda wa Maskati. Asili yake ni hapa."

Mtoto wa jirani akamuuliza kwa Kiarabu, "Sasa kama kwao ni hapa, mbona njia haijui?"

Kaka alilia mbele ya watoto, hakujificha. Akamjibu, "Kwa sababu hakuzaliwa hapa, mwanangu. Anajifunza."

Hakuwatoa. Alisema tu wawe makwao kabla ya maghribi.

Macho ya mtoto yalipona, alhamdulillahi. Na mwaka huu wa sabini kaingia Sultani mpya, nchi ikafunguka, mnaona wenyewe, redio zinalia sokoni wazi wazi. Siku moja kaka kaniambia, "Hebu nisemee kwa Kirusi, nisikie ulikuwa ukisema nini huko." Nikasema kwa sauti, madirisha wazi. Akasema, "Lugha nzuri, inanguruma." Nimeanza kuandika tena, ya Matrah kwa Kirusi na kwa Kiswahili. Kutulia kabisa bado, msidanganyike, mnaniona nnavyosimama mguu huu na huu.

Namshukuru Mola. Namshukuru mama, Mungu amrehemu. Jirani yangu aliyenirudisha kwa mkono yupo pale kwenye zulia, na yule mtoto aliyefungwa macho ndiye aliyekugaieni tende. Kaka sitomshukuru hapa, atavimba kichwa.

Langu la kukwambieni ni hili: kazi yako ya zamani usiingoje irudi na nguo zake zile zile. Mpe aliye karibu nawe, kwa kipimo chake, hata ikikubidi kuitupa ile sehemu uliyoipenda mno. Nimesikia wanataka walimu wa kike kwa skuli ya wasichana. Jumamosi asubuhi nnakwenda kuuliza. Nani tunafuatana? Dada yangu wa nyuma, mkono nimeuona umeunyanyua nusu. Unyanyue wote.