Randa Iliyotupwa

Katika basi la Élisabethville, Liévin alipakata randa kuukuu, ubao wake umejaa nyufa. Symphorien, seremala aliyeketi kando yake, alicheka. "Ile iko kuni, ndugu."

"Hapana, baba. Nilitia chuma siku mbili mu maji ya ndimu, kutu itoke, nikanoa ku jiwe. Vyombo vyote vya atelier yangu ya useremala ninaokotaka hivi."

Akachomoa chuma cha randa, akakipitisha taratibu juu ya mkono wa Symphorien. Vinyweleo vikaanguka kama vimenyolewa na kinyozi.

Symphorien aliichukua randa, akaigeuza, akaona msalaba uliochomwa ubavuni: alama yake mwenyewe. "Hii iko yangu! Niliitupaka mwaka jana!"

"Ulitupaka kuni," Liévin akasema, akaichukua.

Basi liliposimama, Liévin alishuka. Symphorien naye akashuka nyuma yake aione karakana hiyo, ingawa kituo chake kilikuwa bado mbele.