Chuma Ndani ya Kompyuta ya Elirehema

Bwana asifiwe, wapendwa! Msifuni kwa nguvu, maana mimi sauti imekwisha. Mniruhusu nishuhudie nikiwa nimekaa. Ndugu zangu, nimechoka. Siyo jembe lililonichosha, jembe nimelizoea. Nimechoka kumchukia mtu mwaka mzima.

Binti yangu Elirehema mnamfahamu, anasomea kuchora ramani za majengo chuoni mjini. Mwaka wa mwisho waliambiwa kila mmoja achore jengo zima kwenye kompyuta, asiyemaliza hahitimu. Laptopu yake ya zamani ilishindwa. Akaniandikia vifaa vya kununua ili aunganishe kompyuta ya mezani: prosesa, ramu na vingine, hadi pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani. Yeye alikuwa na mitihani, nikashuka mjini mwenyewe na karatasi yangu.

Pawasaplai aliyoiandika ilikuwepo dukani. Lakini muuzaji akaniwekea na nyingine pembeni. "Mama, shika mwenyewe," akasema. Nikashika. Ya kwenye karatasi nyepesi, hii nyingine nzito hasa! Sasa mimi ni mtu wa Akheri, nimezaliwa kwenye kahawa. Tukishavuna tunaimwaga kwenye maji: inayoelea haina kitu ndani, inayozama ndiyo kahawa. Nikajiambia, hawa watoto wanajua nini? Nikabeba ile nzito. Elirehema alipouliza, nikamjibu kwamba ile yake imekwisha dukani. Nilimdanganya mwanangu, jamani.

Siku ya kuiwasha kompyuta alikuja wifi yangu, Mama Anaeli, dada wa mume wangu, na mkungu wa ndizi wa kutupongeza. Akaigusa kompyuta, akacheka. "Wifi, mbona kidude chako kinawaka taa kama duka la dawa!" Kesho yake Elirehema akaanza kuchora ghorofa. Puu! Imezima. Anawasha, anachora kidogo, inazima. Nani alikuwa ameigusa? Mimi jibu nilikuwa nalo tayari.

Ndugu zangu, nilifunga. Niliipaka mafuta ile kompyuta! Nilikemea mpaka jirani akaniuliza kama nafukuza mbuzi. Na wifi yangu nikamwambia mbele ya watu, pale bombani, asikanyage tena kwangu na uchawi wake. Tangu hapo salamu zikaisha. Msiba wa baba mkwe tulipika jiko moja, hakuna aliyempa mwenzake mwiko. Kukaa hivyo kunachosha, msisikie.

Zikabaki wiki mbili za kukabidhi kazi. Elirehema alikaa mlangoni analia, amekata tamaa kabisa. Nani akaingia uani? Mama Anaeli! Hakusalimia. Alivua kanga yake, akaifunga ile kompyuta mgongoni kama mtoto, akashika njia kwenda kwa fundi kule mtaa wa Maji ya Chai. Mimi nyuma yake, nikisema moyoni, sasa anakwenda kuimalizia.

Fundi akafungua pawasaplai. Ndani waya chache, na kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi. Kazi yake uzito tu! "Mama," akaniambia, "mashine ikitaka umeme mwingi, hii haina cha kutoa."

Mama Anaeli akakichukua kile chuma, akakipima mkononi, akanitazama.

"Wifi," akasema, "kwa hiyo huyu ndiye mimi?"

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Fundi akatafuta pawasaplai ile ya kwenye karatasi, akaifunga. Elirehema alimaliza jengo lake na amehitimu, Mungu ni mwema! Lakini wapendwa, sikuja kwa ajili ya hilo. Pepo alikuwepo kweli, ila hakuwa kwenye kompyuta. Alikaa kwangu, na Mungu alimtoa kwa bisibisi ya fundi. Asante, Yesu! Kama na wewe kuna mtu umemfungia mlango, mtumaini Mungu, umfungulie. Usingoje mpaka akubebee mzigo wako mgongoni kama nilivyongoja mimi.

Chuma chenyewe hiki hapa, nimekuja nacho. Tangu siku ile sijamwomba msamaha. Kila nikitaka, naona haya, napita. Na yeye yupo humu, benchi la tatu.

Nilisema nitashuhudia nimekaa. Hapana, nishikeni mkono nisimame. Mama Anaeli, usinyanyuke, wifi yangu. Safari hii ninayekuja ni mimi.