Kiti cha Pembeni ya Mama Jumamosi

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka kwenye bomba la maji, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mchomeleaji wa mabehewa, mama yake mshonaji. Wengi mlimjua kwa jina la Mama Jumamosi, na mnamkumbuka akisimama ukumbini na kuzungumza kana kwamba anaongea na kila mmoja wenu peke yake. Huenda msiamini kwamba alikuwa mtoto asiyesema. Wageni wakibisha hodi, alijipenyeza chini ya meza ya cherehani na kukaa humo, akitazama miguu ya mama yake ikikanyaga pedeli, mpaka wageni waage. Mama yake hakuwahi kumvuta nje. Alimteremshia kikombe cha chai kwa mkono mmoja, huku mwingine ukiendelea kushona. Marehemu alikuwa akisema kwamba mengi aliyoyajua kuhusu watoto wenye haya aliyajulia chini ya meza ile.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya bweni hadi 1974, na kuhitimu chuo cha ualimu mwaka 1976. Bwenini alilala kitanda cha juu na kwa muhula mzima wenzake walidhani haelewi lugha yao. Baadaye walimchagua kiranja. Alipoulizwa ilikuwaje, alijibu kwamba alikuwa hajamaliza kuwatazama.

Alifundisha miaka kumi na miwili. Mwaka 1989, baada ya kurudi masomoni, aliteuliwa kuwa mshauri wa wanafunzi katika sekondari ya mjini, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2017.

Tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi saa mwenye kibanda karibu na posta. Fundi ni mtu wa maneno mengi, na anasema alimpenda marehemu kwa sababu ndiye mtu wa kwanza kumsikiliza mpaka mwisho wa habari. Mtoto wao wa pekee, binti, alizaliwa tarehe 3 Mei 1983. Binti alimrithi baba kwa mdomo. Siku ya Jumamosi fundi alifunga kibanda mapema, na wote watatu walitembea hadi bustani ya manispaa, binti katikati, ameshikwa mkono huku na huku. Siku hiyo ilikuwa ya binti. Hakuwahi kufikiri kwamba siku inaweza kuchukuliwa.

Mwaka 1994 marehemu alimkuta mwanafunzi wa kidato cha pili akila chakula cha mchana chooni, amesimama, kwa sababu hakujua akae meza gani. Hakumgombeza. Alisimama naye mpaka akamaliza kula. Wiki hiyohiyo aliomba ufunguo wa ukumbi wa nyuma ya maktaba, na Jumamosi wakaja vijana sita, wakakaa kwenye pembe zote za ukumbi isipokuwa katikati.

Hapakuwa na mahubiri. Palikuwa na meza ya tenisi yenye mguu mmoja mfupi, karata, sufuria kubwa, na kazi za kufanya. Wawili walipika, na hawakuruhusiwa kutia chumvi bila kuulizana. Wanne walicheza karata, na aliyeshindwa ndiye aliyewapa wenzake mkono kwanza. Mara moja kwa mwezi walitoka: bwawa la kuogelea, jumba la makumbusho, soko la ghorofa. Kazi ya sokoni ilikuwa kumwomba mtu usiyemjua msaada mdogo, na kutoondoka mpaka mmecheka pamoja.

Halafu kulikuwa na desturi ya gari. Walikodi gari la Dereva, ambaye yupo hapa leo. Kabla ya kuondoka kurudi nyumbani, Dereva aligeuka na kuuliza, "Jamani, nani amebeba kizito leo?" Ilikuwa marufuku kujitaja mwenyewe. Vijana walitazamana, wakakumbuka nani aliganda mbele ya muuzaji, nani alikimbilia uani akalia, wakamchagua kwa kuinua mikono. Huyo ndiye aliyekaa pembeni ya Mama Jumamosi hadi nyumbani. Hawakulazimika kuongea. Wengi walilala begani kwake.

Mumewe aliyapokea haya kwa utani. "Nilioa mwanamke wa siku saba," aliwaambia wateja, "nimebakiwa na sita, na moja kati ya hizo anafua." Bintiye hakucheka. Aliiona meza ya chakula ikihamia kwa watu asiowajua. Mama alikuwa akirudi amechoka, macho yanang'aa, na habari zake zote ni za watoto wa wenzake. Zaidi ya wote alikuwapo msichana mmoja ambaye kikundi kilimwita Kimya, jina ambalo mwenyewe analicheka mpaka leo. Kimya alikuja muhula mzima bila kutamka neno. Siku moja alimwambia marehemu, "Viatu vyako vinapiga kelele." Maneno hayo yalirudiwa mezani usiku ule, na kesho yake, na shangazi alipokuja yakarudiwa tena. Binti alikuwa amesema maelfu ya maneno ndani ya nyumba ile, na hakuna aliyewahi kuyarudia hata kwa bahati mbaya.

Basi, akiwa na miaka kumi na mitatu, bintiye akaacha kusema. Shuleni akiulizwa swali, aliinamisha kichwa. Dukani alionyesha kwa kidole. Alimudu hivyo mpaka walimu wakaingiwa na wasiwasi na mwalimu mkuu akamwita mama yake. Marehemu alisikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani na kusema tu, "Jumamosi uvae viatu vya kutembelea."

Ilikuwa zamu ya soko la ghorofa. Binti alipewa kazi kama wenzake. Alijawa na furaha ya kuwa tena na mama siku ya Jumamosi, na hapo ndipo alipojisahau. Alimwendea muuza vitambaa, akamuuliza kwa nini mwanasesere wake wa dirishani hana kichwa, na kabla wenzake hawajavuka mlango, muuzaji, mkewe na wateja wawili walikuwa wameshika mbavu. Alipogeuka, mama yake alikuwa nyuma yake.

"Umepona haraka," mama alisema.

"Mama, mimi..."

"Wewe kuongea hakukusumbui, mwanangu. Kinachokusumbua ni kugawana."

Jioni Dereva aliuliza swali lake. Mikono ilimwinukia Kimya, aliyemuuliza mzee mmoja saa na kusimama hapo akitetemeka mpaka mzee mwenyewe akaanza mzaha. Kimya alikaa pembeni ya mama. Binti alikwenda kukaa nyuma kabisa, karibu na tairi la akiba, akihesabu kisogo cha mama yake kuwa mali iliyoibwa. Tangu siku hiyo, kila alipopanda gari lile, alikwenda nyuma moja kwa moja bila kuambiwa. Alikuwa hataki kuonekana akingoja kuchaguliwa.

Miaka ilipita. Bintiye alisomea sheria, akaolewa, akahamia mji mwingine. Kimya naye aliajiriwa na shirika la reli, na mnajua wote kazi yake: ndiye anayetangaza treni. Kwa hiyo kila mara binti aliposhuka stesheni kuja kwao, sauti ya kwanza kumkaribisha mjini ilikuwa ya yule yule, inajaza paa lote la stesheni, tulivu, haina haraka, imejaa vituo vya mama yake kati ya neno na neno. "Abiria mnaoshuka, karibuni nyumbani." Binti alikuwa akimwambia mumewe kwamba hata treni ameporwa.

Marehemu hakuacha kikundi alipostaafu. Mpaka anaugua, zaidi ya vijana mia tatu walikuwa wamepitia ukumbi ule, na baadhi yao walikuwa wanawaleta watoto wao. Alipenda zaidi waliomsumbua. Alikuwa na ubishi, hakujua kupika, na kwenye karata alikuwa mwizi wa wazi, akidai kwamba kijana lazima ajifunze kumwambia mtu mzima, "Umeiba."

Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2023, wakiwa bwawani, alipata kiharusi akiwa amekaa kwenye benchi na taulo za watu mapajani. Kijana aliyeita gari la wagonjwa ni msichana ambaye miezi michache nyuma alikuwa hawezi kupokea simu ya mtu asiyemjua. Alitaja mahali, akataja umri, akajibu kila alichoulizwa. Bintiye alipata habari jioni, mamake akiwa ameshalazwa. Alishukuru kwamba mama hakuwa peke yake. Pia ilimuuma kwamba walikuwapo wao.

Ugonjwa ulichukua upande wa kulia na ukachukua sauti. Binti aliomba likizo akaja kuuguza. Aliongea. Alimsomea magazeti, akamsimulia kesi, akamtania kuhusu nywele, akamwimbia. Mama alimtazama kwa macho ya mtu aliyechoka lakini anaona haya kusema. Siku moja binti alirudi kutoka duka la dawa akamkuta Kimya kwenye kiti cha kando ya kitanda, bado na sare ya reli, mkono wa mama ndani ya mkono wake.

"Hicho kiti changu," binti alisema.

Kimya alinyanyuka mara moja. "Najua, dada. Nilikuwa nakushikia."

"Huwa unamwambia nini muda wote huo?"

"Simwambii kitu. Tunakaa tu."

"Mnakaa tu."

"Ndiyo. Yeye ndiye aliyeanza, zamani. Alikaa na mimi hivihivi."

Binti aliweka dawa mezani. Kesho yake alifunga mlango, akakaa, akafunga na mdomo. Kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa adhabu, na wauguzi waliochungulia walidhani wamegombana. Chai ilipoa mkononi mwake. Mwishowe vidole vya mkono wa kushoto vya mama vilitembea juu ya shuka, taratibu, mpaka vikafika kwenye goti lake, vikatulia hapo. Alifurahi mpaka akaona aibu. Kisha akakumbuka kwamba hata hili amefundishwa na Kimya, na wivu ukarudi kukaa mahali pake pa kawaida. Lakini alirudi kesho yake akanyamaza tena, na siku zilizofuata, mpaka mwisho.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 20 Februari 2024, alfajiri, mumewe na bintiye wakiwa naye. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Alhamisi ilikuwa siku ya kumtoa hospitali na kumleta nyumbani. Dereva alikataa gari lingine lolote kutumika. Aling'oa viti vya upande mmoja, jeneza likakaa hapo, na kando yake kikabaki kiti kimoja. Vijana walikuwa wamejaa uani, wa sasa na wa zamani, wengine na mvi. Waliingia wakakaa. Mumewe aliingia akakaa mbele. Bintiye aliingia wa mwisho, akakitazama kile kiti kilichokuwa tupu. Alijua desturi kuliko wote, na kwake kiti kile kilikuwa haki ya vijana wa Jumamosi, si yake. Akakunja gauni, akaanza kwenda nyuma, kwenye tairi.

Dereva hakuwasha gari. Aligeuka. Akauliza, "Jamani, nani amebeba kizito leo?"

Mkono wa kwanza kuinuka, ukimwelekea bintiye, ulikuwa wa fundi saa, mgane wa siku mbili, ambaye angeweza kukidai kiti kile na hakuna mtu angethubutu kumnyima. Wa pili ulikuwa wa Kimya. Kisha mikono yote ikawa juu.

"Si huko nyuma, dada," Kimya alisema. "Leo ni wewe."

Binti alirudi akakaa. Aliweka mkono juu ya jeneza, na hakusema neno njia nzima, na nyuma yake hakuna aliyesema.

Marehemu ameacha mume. Binti mmoja na mkwe. Wajukuu wawili wa kiume. Kaka mmoja na dada wawili. Ameacha pia vijana wa Jumamosi, wote, popote walipo. Ni bintiye aliyetaka waandikwe hapa miongoni mwa watoto. Alisisitiza jambo moja tu, waandikwe baada yake, si kabla.

Mama Jumamosi, kizito umekitua. Pumzika kwa amani. Tutakaa na wewe kidogo, bila kusema.