Mazoezi ya Kila Ijumaa

Jumanne tarehe 9 Februari 2010, saa nne na dakika kumi asubuhi, simu ya maabara ya idara ya maji iliita, na mama huyu tunayemsindikiza leo, aliyekuwa akipima sampuli za asubuhi, akaambiwa akimbie shuleni, mwanawe wa pili, mwenye miaka minane, amebanwa na pumu. Alikuta watu wamemzunguka mtoto, kila mmoja akimwuliza mwenzake namba ya gari la wagonjwa, na mwalimu wa zamu akijitetea kwamba alidhani ni utani, maana mtoto alizoea kuchekesha wenzake, ndiyo sababu alimwambia, "Inuka hapo, acha maigizo." Hakuinuka. Familia imeomba historia hii ianzie hapo, kwa kuwa mengi yaliyofuata yalitoka hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1972, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi reli na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1980 hadi 1986, sekondari hadi 1990, kisha chuo cha ufundi, alikopata stashahada ya maabara mwaka 1993, na mwaka uliofuata akaajiriwa idara ya maji, ambako wenzake wanakumbuka kwamba hakuamini kipimo asichokirudia. Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na fundi umeme aliyeitwa kutengeneza jokofu la maabara, akarudi mara tatu kulikagua ilhali lilikuwa zima, wakajaliwa watoto wanne: binti mkubwa mwaka 1999, marehemu mwanawe mwaka 2002, wa kiume mwingine mwaka 2006, na kitindamimba mwaka 2014, anayeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haupumziki.

Machi 2010 aliacha kazi, akamtoa binti mkubwa shuleni, wadogo hakuwapeleka kabisa, akawafundisha wote kwenye meza ya chakula. Majirani waliita nyumba hiyo Chuo Kikuu cha Jikoni, naye alicheka nao, akawaomba basi walete chaki, na binti mkubwa alipofaulu mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea na kuingia chuo kikuu chenyewe, aliwazungushia chai nyumba kwa nyumba.

Kuhusu Ijumaa hakucheka. Kila Ijumaa, baada ya somo la mwisho, mmoja alilala sakafuni bila kujibu, na wengine walipaswa kumpigia simu jirani muuguzi, kufungua geti, kusogeza viti, kufungua madirisha, na zoezi halikuisha mpaka mama ataje kosa, kwani hakukosa kuliona, kisha aseme, "Basi, limekwisha." Binti mkubwa aliliota zoezi hilo hata akiwa bwenini, na mpaka leo akiingia chumba chochote hutafuta kwanza mlango wa kutokea.

Machi 2022 madaktari walimkuta moyo umetanuka, wakamtaka apumzike, akaacha kubeba ndoo, kufundisha hakuacha. Tangu wiki hiyo hakuna mtoto aliyelala tena sakafuni, alilala yeye, na kila Ijumaa alikaa kimya zaidi kuliko Ijumaa iliyopita. Mumewe alimwambia, "Mama Watoto, kifo hakifanyiwi mazoezi," akajibiwa kutoka sakafuni, "Kifo sikigusi, baba. Nafanyia mazoezi geti." Binti mkubwa alimsihi kwa simu, "Mama, unamtisha mtoto," naye akasema, "Namtisha leo, asitishike siku hiyo."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, katikati ya somo la hesabu za sehemu, baba akiwa kazini na kaka akiwa chuoni. Mama aliteleza kutoka kitini. Chiriku alimwambia, "Mama, leo si Ijumaa," akangoja kidogo, kisha akaanza. Muuguzi alilikuta geti limefunguliwa na viti vimesogezwa, wakafika hospitali mapema, ila saa sita na dakika arobaini mchana mama alifariki dunia. Chiriku alirudi akaketi mezani, hakulia, hakuzungumza, isipokuwa kumwuliza kila aliyeingia, "Nilikosea wapi?" Wote walimkumbatia wakamwambia hakukosea, naye hakumwamini hata mmoja.

Familia inawashukuru madaktari waliothibitisha kwamba hakuna kilichocheleweshwa, jirani muuguzi na mumewe kwa gari lao, majirani wote wa mtaa, na wenzake wa idara ya maji, ambao hawakuacha kumwita mwenzao.

Limebaki jambo moja. Binti mkubwa alifika usiku, na asubuhi yake, Ijumaa, aliwaomba waombolezaji watoke chumba cha chakula, akaketi kwenye kiti cha mama, akamwambia Chiriku asimulie yote tangu mwanzo, akamsikiliza bila kumkatiza. Kisha akazunguka nyumba, akarudi. "Dirisha la jikoni hukulifungua," alimwambia. "Lingefunguliwa, Mama angekufa vilevile. Mengine yote sawa. Basi, limekwisha." Ndipo Chiriku alipolia.

Mama, na kwako limekwisha. Safari hii usiinuke kutusahihisha. Pumzika, pumzika kwa amani.