Nyumba ya Baraza Jekundu

Ndani ya Kosta ya Kibiti, Hafsa alijifanya amesinzia ili awasikilize vizuri abiria wawili wa kiti cha mbele, ambao hata hawakuwa wakijuana.

"Leo wageni wanatembezwa mji wa zamani kwa miguu!" mwanamke alisema kwa furaha. "Wanaanzia msikitini, kisha nyumba ya baraza jekundu, bibi yangu alikouzia chumvi."

"Chumvi? Pale palikuwa hoteli, mwanangu! Nimekunywa chai pale mimi!"

"Chumvi, mzee wangu!"

"Hoteli! Wakiingia uani watayaona mafiga."

Hafsa akavimba kichwa. Baraza jekundu mjini lilikuwa moja tu, lake. Kisha akakumbuka alichoanika uani: nguo za ndani za nyumba nzima.

"Konda, shusha!"

Kosta iliposimama alitoka mbio, wale wawili nyuma yake, bado wakibishana.

"Dada, na wewe unawahi kuona?" mwanamke alimuuliza.

"Nawahi kuanua!"