Vitabu vya Kivuva na Karatasi ya Kaki

SYLVANCE: Haloo, naongea na nani? Namba hii siijui.

MAMA KIVUVA: Ni mimi, Mama Kivuva, wa Mbotela. Simu yangu imezima, hii ni ya jirani yangu Selpher. Hamjambo huko Komarock?

SYLVANCE: Hatujambo, Mama. Ndanu hajambo?

MAMA KIVUVA: Ametoka kwenda kuchapisha fomu ya mtihani. Tangu ulipotuletea habari za yule mama wa Lavington anayetaka vitabu, mtoto amekuwa mtu tena. Tangu tumzike kaka yake Kivuva sikuwa nimemsikia akiimba.

SYLVANCE: Mwisho wa kulipa ada ya mtihani ni Ijumaa?

MAMA KIVUVA: Ijumaa saa sita. Asipolipa, hafanyi mtihani, na unesi unangoja mwaka mwingine. Lakini si mnunuzi anakuja kesho?

SYLVANCE: Kesho saa nne. Laki tatu kwa vitabu vyote saba. Nilimtumia zile picha nilizopiga kwako mwezi uliopita, akakubali bila kubembelezwa.

MAMA KIVUVA: Laki tatu! Kwa hadithi za majoka! Kivuva aliniambia kila kimoja ni mia tano.

SYLVANCE: Alikuheshimu, Mama. Hakutaka presha ikupande.

MAMA KIVUVA: Alinidanganya.

SYLVANCE: Na hilo pia. Cha kwanza alikinunua elfu sita, tukamcheka ofisini wiki nzima. Kisha ikajulikana kwamba vilichapishwa vichache tu, na tangu hapo kila kipya kikawa kinakuja na bei iliyozidi ya kilichotangulia. Mimi nami nilianza kuvikusanya, nikakomea cha nne. Cha tano, ukijumlisha nauli ya ndege na ushuru, kilizidi kodi ya nyumba yangu. Nikamwambia hakuna mwenye nyumba anayepokea majoka. Akanijibu, "Bro, wewe huna roho ya hii mchezo."

MAMA KIVUVA: [anacheka kidogo] Ni yeye kabisa.

SYLVANCE: Ili apate cha saba, alikula chakula cha mchana mara mbili tu kwa wiki. Miezi minne.

MAMA KIVUVA: Nilidhani ni ugonjwa uliomkondesha.

SYLVANCE: Ugonjwa ulikuja baadaye.

MAMA KIVUVA: Haya. Basi nilifanya vyema kuviheshimu. Sikutaka huyo mama wa watu avikute uchi. Jana nilikaa kutwa nzima nikivija— [mtandao unakwaruza] —vyote saba.

SYLVANCE: Haloo? Umefanya nini, Mama?

MAMA KIVUVA: Nimevijalidi! Kwa kaki mpya, ile nzito, si gazeti. Kama nilivyomjalidia kila Januari tangu darasa la kwanza. Mwalimu wake alikuwa akiinua daftari za Kivuva, awaaibishe wengine nazo.

MAMA KIVUVA: Sylvance? Uko?

SYLVANCE: Niko. Ile nailoni iliyokuwa imevifunga—

MAMA KIVUVA: Niliikata. Utajalidi kitabu kikiwa ndani ya nailoni?

SYLVANCE: Na karatasi za nje? Zile zenye joka la dhahabu?

MAMA KIVUVA: Hizo zinateleza, gundi haishiki. Wajukuu wa Selpher wamezibandika ukutani. Wamegombana mpaka mmoja akang'atwa sikio.

SYLVANCE: Makasha?

MAMA KIVUVA: Yale maboksi magumu? Selpher amewekea mayai ya kuuza. Anasema tangu jana halijavunjika hata moja.

SYLVANCE: Mama. Ukurasa wa mbele, ule wenye maandishi ya kalamu—

MAMA KIVUVA: Yale machoro! Hata mimi niliona aibu. Mtu anauza kitabu kwa pesa zote hizo, halafu anajaribia kalamu humohumo? Usijali, nimekunja kaki ikaja hadi ndani, nikaibandika juu yake. Hayaonekani. Kisha nikaandika jina kubwa: Kivuva Munyao, Mbotela. Wakati wa mazishi tulipoteza sufuria mbili na benchi la kanisa kwa kukosa jina. Siumwi na nyoka mara mbili.

SYLVANCE: Uliandika kwa penseli?

MAMA KIVUVA: Penseli inafutika. Kwa ile kalamu nene nyeusi.

MAMA KIVUVA: Mbona unapumua hivyo?

SYLVANCE: Ni mtandao.

MAMA KIVUVA: Si mtandao. Kivuva ndiye aliyejua kunidanganya. Wewe hujui. Sema.

SYLVANCE: Yule mama hanunui vitabu vya kusoma.

MAMA KIVUVA: Ananunua vya nini?

SYLVANCE: Vya kutoguswa. Bei yake haitokani na maneno yaliyomo, Mama. Inatokana na nailoni, kasha, na joka la dhahabu lisilo na kunjo. Na hayo machoro ni sahihi ya mwandishi. Aliandika kwa mkono wake.

MAMA KIVUVA: Kwa hivyo Kivuva hakuvisoma?

SYLVANCE: Alisoma nakala za mitumba, za pale Kariobangi, mia mbili mia mbili. Hivi alikuwa akiviangalia tu. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa akinipigia simu, tukiviangalia pamoja, kila mtu na vyake nyumbani kwake.

MAMA KIVUVA: Na sasa ni pesa ngapi?

SYLVANCE: Mama, hebu tu—

MAMA KIVUVA: Nimeuliza bei.

SYLVANCE: Elfu kumi na nne. Vyote. Nikipata mtu mwenye huruma. Haitoshi ada ya Ndanu.

MAMA KIVUVA: Ningeviacha kabatini tu. Ningeketi ninywe chai yangu, na Ndanu angekuwa nesi.

SYLVANCE: Kosa ni langu. Sikukuonya. Sisi tunaovikusanya hatuambiani jambo hilo, tunadhani kila mtu amezaliwa akilijua.

MAMA KIVUVA: Ungenionya nini? Kwamba mama asiguse vitu vya mtoto wake?

MAMA KIVUVA: Wewe unavyo vinne, Sylvance. Vyako havina kaki. Siombi bure, nitakulipa pole—

SYLVANCE: Niliviuza Machi.

MAMA KIVUVA: Machi? Uliviuza kwa nini?

SYLVANCE: Kulikuwa na shughuli.

MAMA KIVUVA: Machi sisi tulikuwa tumezuiliwa mwili pale mochari kwa deni la hospitali, mpaka mtu asiyejitaja alipolipa— Sylvance.

SYLVANCE: Hayo tuyaache, Mama.

MAMA KIVUVA: Uuu. Mwanangu.

SYLVANCE: Tuyaache. Nitaenda kazini kesho, niongee na watu wa chama chetu cha kukopeshana. Siahidi. Wameshanikopesha mara mbili.

MAMA KIVUVA: Ngoja, mlango. Ni Ndanu. Na Selpher ananiashiria, salio lake linaisha.

SYLVANCE: Mpe Ndanu simu. Nitamwambia mimi. Ama kata nipige—

MAMA KIVUVA: [kwa mbali] Eeh, ni Sylvance. Fomu iko tayari? Iweke mezani, usiikunje. Eeh, tumeongea. Anasema huyo mama ameridhika. Kesho saa nne.

SYLVANCE: Mama. Mama, usimwambie hivyo.

MAMA KIVUVA: [kwa mbali] Hawezi kuongea nawe sasa, ana haraka. Nenda ukanawe uso. [chini, mdomo ukiwa karibu na simu] Sylvance, nakuomba. Mwache aimbe. Mpaka Ijumaa tu.

SYLVANCE: Ijumaa kutakuwa na nini?

MAMA KIVUVA: Mpaka Ijumaa tu, nimesema. Haya, kwaheri, wasalimie wa nyumba—

[Salio limekwisha.]