Mzee Magige na Vifaa Ambavyo Hakuvichagua

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mzee Stanslaus Magige anastaafu, baada ya kuitumikia karakana yetu ya boti hapa Musoma kwa miaka ishirini na tisa: ishirini na sita akiwa mzamiaji, na mitatu ya mwisho akihesabu maboya stoo. Mimi ni mtunza stoo, kwa hiyo hiyo mitatu naijua vizuri. Nimeombwa wasifu huu niuandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi.

Alizaliwa Butiama katika familia ya wafugaji, na hadi anafikisha miaka kumi na tisa maji marefu aliyowahi kuyaona kwa karibu yalikuwa ya josho la ng'ombe. Baba yake aliposikia anajifunza kuzamia, aliwatangazia majirani kwamba mwanawe ameacha ng'ombe akawafuate furu, visamaki vya ziwani. Lakini huyo huyo ndiye aliyenasua nyavu kwenye mapangaboi ya boti hata hesabu ikatupotea. Mfanyabiashara mmoja wa Bunda alitolewa injini nzima ziwani, kisha akauliza kama Mzee angeweza kurudi chini kumtafutia kandambili ya kushoto. Alirudi, na akaipata.

Mzamiaji mgeni hakupewa kazi na Mzee kabla ya kupimwa. Alimsimamisha kwenye maji ya Makoko na vifaa vyote, mtungi ukiwa karibu kuisha, mfuko wa hewa wa mgongoni ukiwa mtupu, kisha akamwambia avute pumzi na atulie. Maji yakikomea machoni, uzito ni sawa. Akizama, apunguze. Akina mama wanaoanika dagaa walicheka sana kuona watu wazima wamebaki vipaji vya uso juu ya maji.

Miaka minne iliyopita tulinunua vifaa vipya. Mzee aliandika barua ya kurasa mbili. Aliomba bamba la aluminiamu la kubebea mtungi mgongoni, mfuko mdogo wa hewa unaofaa mtungi mmoja, na mkanda wa uzito usivaliwe mpaka mtu apimwe. Alieleza kwamba ziwa halina chumvi, halimbebi mtu kama bahari, na kwamba mfuko mkubwa hujikunja kuuzunguka mtungi mmoja na kuficha hewa mahali ambapo valvu haiwezi kuitoa.

Kamati ya manunuzi ilikuwa na orodha ya vifaa vya wazamiaji wa baharini. Ilitaka bamba la chuma, mfuko wa mitungi miwili na mkanda wa kilo sita kwa kila mtu. Mhandisi Boniphace, mwenyekiti wetu, alisema, "Huyu mzee anapendaga kubisha. Chuma ni chuma, aluminiamu ni ya masufuria." Tulicheka. Mimi nilikuwa katibu. Nilicheka, nikaandika muhtasari, nikasaini.

Mwaka uliofuata, siku moja Mzee akiwa Bunda kikazi, mzamiaji wetu kijana, Lameck Nyamhanga, aliagizwa kufunga kamba kwenye tishari lililozama karibu na Makoko. Alivaa alichopewa. Uzito ulimvuta hadi kwenye tope, akajaza hewa ili ajinasue, mfuko ukajikunja, na hewa ikakataa kutoka. Alirushwa juu mita kumi na sita bila uwezo wa kujizuia. Mapafu yake yaliumia. Leo anaishi Nyegina kwao, na kutoka nyumbani hadi kanisani hupumzika mara tatu.

Jalada la ofisi linasema ni uzembe wa mzamiaji.

Mzee alirudi, akavaa vifaa vile vile mbele yetu sote, akasimama majini kwa kipimo chake cha kila siku. Alizama moja kwa moja. Alipotoka alipewa ripoti asaini kama mkuu wa wazamiaji, akasema, "Siwezi kusaini uongo juu ya mtoto wa watu." Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo kwangu. Katika miaka mitatu hakunisema hata mara moja, na hilo limeniuma kuliko kama angenitukana.

Leo atakabidhiwa saa ya ukutani na hotuba. Hakuomba saa. Aliiomba ofisi ifute maneno mawili, uzembe na mzamiaji, na ofisi haijajibu. Kwa kuwa programu hii ya sherehe ya kumuaga ataisoma kila aliyealikwa, akiwemo Lameck na mama yake, barua ya Mzee nimeichapa nzima kurasa za nyuma, pamoja na muhtasari wa kikao. Mhandisi ataiona akiwa ameshaketi meza kuu.

Asante, Mzee Magige, kwa kila mtu uliyempandisha akiwa hai. Nenda Butiama, Mungu akupe siku nyingi zenye amani. Lameck hakukosea. Tulikosea sisi wa kamati, na sahihi ya kwanza ni yangu.

Stellah Makongoro
Mtunza Stoo